Rimu za Mkurugenzi

Alikuwa muuza mapazia, na duka lake lilikuwa na upana wa mlango wake na kidogo zaidi. Lakini alilinunulia kiti cha kuzunguka, akaliita ofisi, na mtaa, ambao haumnyimi mtu cheo kisicho na mshahara, ukamwita Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, hakuna aliyeuliza. Mwenyewe aliitika kwa sauti nzito, kama mtu aliyekatizwa mkutano.

Tusimwonee. Jicho alikuwa nalo. Alisimama mlangoni mwa sebule ya mtu, akatazama dirisha mara moja, akajua pazia lishuke hadi wapi na mikunjo ikae vipi, na hakukosea. Vitambaa vilimtii. Bintiye alipokuwa mdogo alimpeleka shule kwa baiskeli, na ile karia, chuma cha kupakilia nyuma, aliishonea mto wa mahameli nyekundu kwa mabaki ya dukani, ukawa na vifungo na pindo, mtoto akawa anashuka langoni kama mgeni rasmi. Mtu huyo alikuwepo. Kisha akanunua gari.

Lilikuwa gari la wenye nacho, lililomfikia baada ya wenye nacho kulichoka. Jeusi, refu, viti saba vya ngozi, na kidaraja cha kupandia ubavuni, maana miguu ya kawaida haikufika. Alipolirudisha nyuma kichochoroni, majirani waliinua mabeseni yao kwanza, kisha watoto. Naye akalipenda kwa namna yake, yaani kwa kulionea haya. Aliyaonea haya hasa magurudumu yake, ya rangi ya sufuria, yenye matairi manene yaliyojaa mashavu.

"Rimu za kiwandani," alikuwa akisema, na kutema mate kidogo, kana kwamba kiwanda kilimkosea adabu.

Bintiye sasa alikuwa nesi, na ndoa yake ilikuwa imekaribia. Jioni moja alikaa sakafuni sebuleni akimkanda bibi yake miguu. Huyu bibi, mama yake Mkurugenzi, alikuwa mwanamke mpana, mwenye pumzi fupi na ulimi mrefu.

"Baba," binti alisema, "siku yenyewe nataka kupanda gari lako. Sitaki la kukodi, lenye maua ya plastiki. Nikae nyuma, katikati. Bibi huku, mama kule. Nikilia, nilie nikiwa nimeshikwa."

Mkurugenzi hakuwa ameombwa kitu kizuri namna hiyo kwa muda mrefu. Mtu mwingine angesema, haya mwanangu, akanyamaza na furaha yake. Yeye alitazama dirishani, kule gari lilikosimama.

"Basi itabidi livae," alisema.

"Livae nini?" mkewe akauliza.

"Viatu."

"Ninyi wawili," bibi akawaambia mkwewe na mjukuu wake, "mmeshaanza kupoteza hiyo safari."

Fundi wa magurudumu aliitwa Sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Alikuwa mwembamba kama spana. Rimu zilitundikwa ukutani kwake kama sinia za shughuli, na alikuwa na utaratibu wake wa kuuza, ambao hakuupindisha kwa mteja yeyote. Aliegemeza rimu kwenye gurudumu la zamani, akaifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha akamshika mteja kiwiko na kumvusha barabara.

"Gari halitazamwi kwa karibu, bosi. Wanaokutazama wako wapi? Wako ng'ambo. Sasa na wewe tazama ukiwa ng'ambo."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote ya pale. Mteja alimchagulia mpita njia gari. Aliyekusudiwa kukaa ndani hakuvushwa barabara, wala hakuulizwa.

Wakasimama ng'ambo, mikono nyuma, kama wakaguzi wa gwaride. Ya kwanza ilikuwa na mbavu nyingi za kung'aa.

"Kama feni," Mkurugenzi akasema.

Ya pili ilikuwa ya dhahabu, na hapo hata aibu yake, iliyokuwa likizoni kitambo, ilirudi ikachungulia. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ukingo wake ukiwaka, mbavu zake zimepinda kama majambia. Ilikuwa kubwa mno. Gari lingeonekana limepandishwa juu ya meza nne za mviringo.

Shingo ilimlegea Mkurugenzi, kichwa kikaenda upande. Mkewe angemwona vile, angedai maelezo.

"Haitagusa madigadi, haya mabati ya juu ya tairi?" alikumbuka kuuliza.

"Sawasawa, bosi."

"Hiyo ni ndiyo au siyo?"

"Ni sawasawa."

Wakalipandisha gari kwa jeki. Nati zikafunguliwa, magurudumu ya zamani yakabingirishwa uani nyuma. Rimu mpya zilikataa kukaa, zikagusa chuma cha ndani, basi zikawekewa vipande vya kuzisogeza nje, mpaka zikatokeza ubavuni kama macho ya mtu aliyekabwa. Tairi lake lilikuwa ukanda tu uliovishwa sahani. Kisha Sawasawa akalijaribu: peke yake, kwenye kile kipande cha lami laini mbele ya uwanja wake, kwenda na kurudi. Hivyo ndivyo alivyoyajaribu magari yote, gari tupu, dereva mkondefu, njia nyoofu. Na kwa jaribio la aina hiyo, hakuna kisichofaa duniani.

"Za zamani niache hapa?" Mkurugenzi akauliza.

"Zitakungoja, bosi. Lakini mwenye hizi, zile atazitakia nini?"

Wiki hiyo duka la mapazia lilifungwa mapema kila siku, na Mkurugenzi alizunguka mjini akitafuta mahali penye foleni ya magari, apate kutazamwa.

Jumapili wakafanya mazoezi ya safari. Bibi akapandishwa, mkwewe akisukuma na mjukuu akivuta. Mama akaingia upande wa pili. Binti akajibanza katikati, akawashika wote wawili mikono, akacheka. Wakatoka getini vizuri. Walipofika kwenye mfereji wa maji, pale njia inapoinama kidogo kabla ya kukutana na lami, nyuma kukatoka sauti ndefu ya kukwaruza, kama kabati linaloburutwa sakafuni. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

"Nani anaburuta vyombo?" bibi akauliza.

Mkurugenzi akashuka, akapiga goti. Digadi lilikuwa limeketi juu ya tairi na kulinyoa. Akamwomba mama yake ahamie mbele. Gari likainuka kidogo nyuma, na kona ya kwanza gurudumu la mbele likaanza wimbo uleule. Akamwomba arudi nyuma, upande ule mwingine. Sasa likakwaruza upande ule mwingine.

"Mama," alisema, akifuta paji la uso, "unaonaje wewe ukapanda gari la wageni?"

Bibi alimtazama kwa utulivu.

"Mwanangu, nilikubeba miezi tisa. Nilipanda nawe milima, nikashuka nawe mabonde. Sikukwaruza popote."

Mkewe aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Binti peke yake hakucheka.

"Baba, rudisha zile za zamani," alisema. "Kwa siku hiyo tu. Kesho yake vaa hata sahani za kulia."

"Zile ni mbaya."

"Nitakuwa ndani, baba. Sitaziona."

Jibu hilo lilikuwa na kila kitu ndani yake. Mkurugenzi alisikia nusu. Lakini alikubali, na kesho yake akaenda kwa Sawasawa, na tumpe haki yake: alikwenda akiwa na nia. Jeki iliwekwa. Nati ya kwanza ikalegezwa. Ndipo ng'ambo ya barabara, mahali palepale pa elimu, akasimama kijana aliyevaa vizuri, akatoa simu, akapiga picha. Akasogea, akapiga ya pili.

"Gari la nani hili?"

"La kwangu," akasema Mkurugenzi.

"Mzee, umelimaliza. Hapa hakuna la kuongeza."

Kijana akaenda zake. Jina lake halikujulikana, wala hakuonekana tena, na angeulizwa jioni ile angekuwa ameshasahau. Mkurugenzi alisimama akimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Kaza hiyo nati," alimwambia Sawasawa. "Halafu lioshwe."

Maji yalipokuwa yakimwagwa, simu ya Sawasawa ililia. Ilikuwa ni yule binti nesi, akitoka zamu, akitaka kujua kama magurudumu ya zamani bado yapo. Yapo, dada, Sawasawa akajibu kwa roho safi. Yako hapa uani, hayajaguswa. Akakata, akaendelea kuosha. Hakuona sababu ya kumsumbua bosi kwa jambo dogo kama hilo.

Jioni Mkurugenzi aliingia sebuleni, akavua koti polepole, kama mleta msiba.

"Ameziuza," alisema. "Nimechelewa. Fundi amesema zilichukuliwa juzi."

Binti alikuwa akikunja shuka. Alikunja mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Alimtazama baba yake muda mrefu, kwa yale macho ya wodini, yanayojua mgonjwa hakumeza dawa na yanayongoja aseme mwenyewe. Mkurugenzi akatafuta pa kutundika koti.

"Haya, baba," alisema. "Nitapanda la mjomba."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mwalimu, na gari lake dogo la rangi ya krimu lilifungwa mlango mmoja kwa kamba. Siku ya ndoa bibi aliingizwa humo kwa ubavu, mama akafuata, na binti katikati, shela ikijaa hadi kwenye usukani. Kicheko chao kilisikika barabarani. Binti alilia kidogo njiani, na alishikwa.

Mbele yao, taa zote zikimetameta, lilikwenda gari la viti saba likiwa na mtu mmoja. Mgeni mmoja alitaka kupanda, Mkurugenzi akamkagua tumbo, akamwambia viti vimewekwa akiba. Watu wa kando ya barabara walipunga mikono. Yeye akawapungia.

Siku ya maharusi kuondoka, maana mume alifanya kazi mji mwingine, Mkurugenzi alisema atawapeleka mwenyewe kituo cha mabasi. Alilisema kwa unyenyekevu, karibu kuomba. Binti aliangalia mabegi, akaangalia magurudumu.

"Mabegi ni mazito, baba. Tutachukua teksi. Wewe tangulia."

Akatangulia. Teksi ilipita njia ya mkato nyuma ya soko. Yeye alishika barabara kubwa, yenye maduka ya vioo, akaenda polepole, kwa sababu ndani ya vioo vile gari lilipita zuri ajabu, na hakutaka lipite haraka. Hakutazama nyuma kuona kama wapo.

Alipofika kituoni, basi lilikuwa linanguruma, abiria wamekaa, maharusi miongoni mwao. Angewahi. Lakini mlinzi wa maegesho alikuwa ameshalisogelea gari.

"Hizi, mzee, umezipata wapi?"

Mkurugenzi alishuka. Akaweka sawa koti, akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo, akaanza kumweleza: kwamba ya kwanza ilifanana na feni, kwamba ya dhahabu aliikataa, kwamba siri ni kutazama ukiwa ng'ambo. Basi likatoka, likapita nyuma yake karibu kabisa. Mkono ulitolewa dirishani, ukakaa hewani, ukangoja. Mlinzi aliuona, akadhani anaagwa yeye, akaupungia.