Jina Moja, Mizilo Miwili

Jina la ukoo wetu ni la Kijerumani. Kwa wenyewe maana yake ni msaga nafaka, na kwa kuwa karibu kila kijiji chao kilikuwa na kinu na msagaji wake, wenye jina hilo huko ni chungu nzima. Sisi tulilipata kwa babu wa babu yangu, Mhehe wa watu, aliyebatizwa akapewa jina la mchungaji wa misheni. Yeye hakusaga kitu maisha yake yote. Kusaga ilikuwa kazi ya wake zake.

Nikiwa kazini Mbeya, nikampenda kijana wa mtaa wa Soweto hapohapo mjini, mwenye jina hilohilo. Kwao ni Wabena. Babu yao alikuwa mpishi wa mlowezi wa Kijerumani, watu wakamwita kwa jina la bwana wake mpaka likaganda. Tulipogundua tulicheka sana. Kicheko kilikwisha siku ya posa.

Mshenga alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu. Alipofika kwetu Ipogolo, Iringa, baba mkubwa, anayesimama badala ya marehemu baba, akamuuliza ukoo. Siku hizi tunaulizana majina kama tuko ofisini. Mshenga akalitaja, na baba mkubwa akaweka kikombe chini.

"Hilo ni letu," akasema. "Ndugu hawaoani. Kunywa chai, urudi salama."

Mimi nilikuwa jikoni na mama, maana binti anayeposwa hasemi mpaka aitwe. Damu ilinichemka. Nimeomba mume mwema miaka yote, Mungu kanipa, halafu Wajerumani wawili waliokufa zamani waje kunifungia mlango? Sikukubali.

"Mzee, jina lenyewe la kupewa tu," mshenga alijitetea.

"Na kama ninyi ni tawi la babu yetu lililohamia Ubena? Una hakika gani?"

Hapo nikaiweka adabu kando, nikasimama mlangoni na kanga yangu ya jikoni.

"Baba, shikamoo. Ungeuliza mzilo."

Mzilo ni kile ambacho ukoo hauli. Mtoto huurithi kwa baba yake, na wazee wetu walipima undugu kwa huo kabla Mjerumani yeyote hajakanyaga Iringa. Sisi hatuli moyo wa mnyama. Tangu utotoni nimeonywa kwamba nikiuonja, meno yatang'oka.

"We mtoto, nani kakuita?" baba mkubwa akauliza.

"Hakuna, baba. Ila huyo mwanaume mishikaki ya moyo anakula, nimemwona kwa macho yangu. Na meno yake yote yapo."

Mshenga akadakia haraka. "Kweli kabisa, mzee. Moyo sisi tunakula tangu mababu. Mzilo wetu ni figo."

Baba mkubwa akakiinua tena kikombe chake.

"Figo hamli kabisa?"

"Hatugusi."

"Basi mbuzi wa harusi," akasema taratibu, "figo zetu, moyo wenu."

Nilitaka kuruka, nikajizuia. Mama hakujizuia. Alipiga kigelegele palepale jikoni, mahari haijatajwa bado, jambo ambalo kwetu halifanywi, na hakuna hata mmoja aliyemkanya.