Pua ya Lori la Mayai

Mtaani walimwita Masikio, na si kwa sababu yalikuwa makubwa. Alikuwa fundi wa ekzosi, yale mabomba ya kutolea moshi wa magari, na sifa yake ilikuwa kusikia. Gari likiingia tu uwanjani, kabla dereva hajazima injini, yeye ameshasema, "Hiyo boliti ya nyuma imelegea." Mafundi wengine walipaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba ili waone panapovuja. Masikio aliwacheka. Sabuni, alisema, ni ya kunawia.

Kipaji chake cha pili kilikuwa kuyapa magari sauti. Alikata bomba hapa, akapanua pale, na kila mwaka malori yaliyotoka mikononi mwake yalinguruma zaidi ya yale ya mwaka uliotangulia. Watoto wa mtaa walishangilia, na vikongwe walilaani.

Kitu kimoja tu kilimchosha: aliamini Mungu amemzungushia watu wa kelele. Dada yake mkubwa, aliyekuwa na lori dogo linalotumia petroli, la kusambazia mayai, hakujua kunong'ona. Salamu yake ilitangulia kufika, lori likafuata. Mkewe aligonga meza kabla ya kusema neno. Hata Spaki, fundi umeme wa gereji ya jirani, hakuanza mazungumzo bila kulipiga boneti kofi. Masikio aliwavumilia wote, maana mtu hachagui ndugu wala jirani.

Basi akamfanyia dada yake zawadi: ekzosi mpya, pana, aliyoikunja na kuichomelea kwa mkono wake mwenyewe. Lori la mayai likaondoka likinguruma kama lililobeba mawe. Haikupita wiki, likarudi. Taa ya njano ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi.

"Zawadi gani hii inayotaka kunifungia biashara?" dada alipaza sauti akiwa bado kwenye usukani. "Kesho lori linakaguliwa. Taa ikiwaka, sipewi stika. Bila stika, sivuki geti la kiwanda cha biskuti. Na nisipovuka lile geti, mayai yangu atayala nani?"

Masikio akamwita Spaki na mashine yake ya kusomea makosa ya gari. Spaki akachomeka waya, akatazama kioo cha mashine, akapiga boneti kofi.

"Inasema masega hayasafishi moshi."

Masega ni lile boksi la chuma lililo katikati ya ekzosi, ambalo tumbo lake limejengwa kama sega la nyuki. Moshi hupita humo ukiwa sumu, ukatoka karibu uwe pumzi tu. Mbele yake kuna sensa, yaani kidude kinachounusa moshi unaoingia, na nyuma yake nyingine inayounusa unaotoka. Spaki akawaonyesha mistari miwili kwenye kioo.

"Huu wa mbele kurukaruka ni kawaida yake. Wa nyuma ndio unatakiwa utulie. Sasa ona, unacheza na mwenzake."

Akaifuta taa. Dada akalizungusha lori mtaani, na kabla hajarudi taa ikawaka. Wakaifuta tena, ikarudi tena.

"Masega yamekufa," Spaki akasema. "Dawa ni kuivalisha sensa ya nyuma kikofia isinuse sawasawa. Itadanganyika, taa itazima, dada atapata stika yake."

Ujanja huo kila fundi aliujua. Masikio alikaribia kukubali, ila kitu kikamkataza. "Kwanza nimwone marehemu," akasema, akaingia chini ya lori.

Alipoyatoa masega aliyainua kuelekea jua, akachungulia. Mara ngapi alikuwa ameshika kitu hiki? Siku zote alikiona mzigo tu, kizibo kinachobana sauti ya gari. Leo alitazama ndani na mdomo ukabaki wazi. Vijitundu visivyohesabika vilisimama sambamba, kila kimoja kikipitisha uzi wake wa mwanga, na hapakuwa na ufa popote. Alimpa Spaki naye achungulie, kisha akamnyang'anya atazame tena.

"Haya si marehemu," alisema taratibu. "Haya ni mazima."

"Basi pana tundu," Spaki akajibu. "Moshi hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa kutoka nje, na sensa ikiinusa hewa hiyo inadhani masega yamelala."

"Tundu? Kwenye kazi yangu?"

Wakayarudisha masega, wakaziba mkia wa bomba kwa matambara na kupitisha humo mpira wa kupulizia upepo. Masikio akalifuatisha bomba lote kwa sikio, kuanzia injini mpaka nyuma. Hakusikia kitu. "Hakuna," akatangaza. Spaki hakubishana. Alikwenda kwake, akarudi na ndoo ya povu.

Pembeni mwa kiti cha sensa ya nyuma, pale Masikio alipochomelea, pakaota kiputo kidogo kuliko punje ya mtama. Kikavimba, kikapasuka, kikaota kingine. Hata sindano isingepenya pale. Kumbe sensa ile, kipande cha chuma kama kidole gumba kinachoishi ndani ya moto na masizi, kilikuwa kimelinusa tundu hilo, kikapeleka habari mpaka kwenye dashibodi, na kila walipokinyamazisha kikasema tena. Nywele za mikono zilimsimama Masikio.

Akasogeza sikio mpaka povu likamgusa. Kimya. Akawageukia wenzake.

"Linalia?" aliuliza.

"Si linasema tsss!" dada akajibu. "Tangu siku uliyonikabidhi. Nilidhani ndiyo madoido yenyewe."

Masikio akakaa chini, kwenye vyuma na majimaji ya sabuni.

"Dada," alisema, "mimi sisikii. Muda mrefu sasa."

"Najua." Dada alichuchumaa mbele yake. "Kwani unafikiri nilizaliwa napayuka? Muulize yeyote niliyesoma naye. Shuleni waliniita Bubu."

Spaki akatazama kiganja chake. "Na mimi boneti hizi zinaniumiza, kaka."

Masikio aliwatazama, akamkumbuka na mkewe anavyogonga meza. Alistaajabu kuliko alivyostaajabia masega. Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye grisi na kujichafua zaidi.

Kisha akasimama, akachomelea upya, akapaka povu kwa mkono wake mwenyewe. Hakikuota kiputo. Kwenye kioo, mstari wa nyuma ukatulia kama maji mtungini. Akairudisha na sailensa ya zamani, ile ya kupunguza kelele, maana sasa alijua ule mngurumo aliupima kwa masikio ya nani.

Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama mlangoni pa gereji lori la mayai lilipokata kona, likija polepole na kwa upole. Dada akatoa kichwa dirishani.

"Nimepata stika, mdogo wangu!"

Mtaa mzima ulisikia. Na yeye alisikia.