Kipindi cha Mayahudi Garini

Nikimpeleka mama kliniki Khuwair, huwa nakizima mapema kile kipindi cha redio cha Mayahudi ninachokisikiliza kwenye simu, ambacho watu hupiga simu kulalamikia jamaa zao. Sitaki maswali. Juzi nikasahau. Tunateremka mlima kutoka Al Amerat, simu yangu yenye kiherehere ikajiunga na spika za gari: mwanamke analia, hasemezani na dada yake. Nikahangaika na vitufe, maana mama naye hasemezani na mdogo wake anayekaa Sib tangu walipogombana harusini.

Mama akanipiga mkono. “Wacha! Nnasikiliza.” Kiingereza cha skuli Unguja hakijamtoka.

Mtangazaji akauliza: “Akifa, utakwenda matangani?”

“Nitakwenda.”

“Basi nenda leo, angali anakusikia.”

Mama akavua miwani. “Kliniki haikimbii. Twende Sib.”