Kidole Kikiinuka, Orodha Haijasimama

Ofisini walimwita Sindano: mwembamba, na ulimi wake unachoma. Kazi yake ilikuwa kuunda programu za simu, na ndiye aliyemwombea kazi pale shemeji yake, mume wa dada yake. Shukrani ya punda ni mateke.

Walikuwa wanatengeneza programu ya kuuza samani. Mnunuzi anaburuza orodha ya viti na makabati, na picha kubwa zifunguke pale tu orodha inaposimama, la sivyo simu italemewa. Kujua imesimama lini ndiko kulikomtoa Sindano jasho. Asubuhi moja akaingia mkutanoni, akamkuta shemeji anamwonyesha bosi kazi ile ile kana kwamba ni yake.

"Nimekesha nayo, bosi," anasema, macho makavu. Bosi akamfanya mkuu wa kitengo papo hapo.

Sindano aliitazama ile kazi, akaitambua. Shemeji alikuwa ameiba rasimu ya kwanza kutoka kompyuta ya ofisi. Ile ilidhani kidole kikiinuka tu, orodha imesimama. Kumbe ukiisukuma kwa nguvu, kidole huinuka nayo bado inateleza yenyewe. Toleo lililosubiri mtelezo uishe lilikuwa kwenye simu ya Sindano, mkobani.

Angeweza kusema. Badala yake alimpa shemeji mkono wa hongera, huku moyoni akisema: wewe endelea tu.

Siku ya wenye maduka ya samani kuja kuonyeshwa programu, Sindano aliwahi kiti cha mbele, akakunja nne. Shemeji aliburuza polepole; mambo shwari. "Hebu jaribu mwenyewe, mama," akamwambia mmoja wao. Mama yule akasukuma kama anayefagia uwanja. Kidole kikainuka, picha zikafumuka zote kwa mpigo, simu ikaganda.

"Rekebisha basi," bosi akasema.

Shemeji aliukodolea macho msimbo wa programu, jasho likimchuruzika. "Shemeji, nisaidie."

"Nikusaidie nini? Si umekesha nayo?"

Sindano akafungua mkoba. Kisha akampa yule mama simu yake. Mama akasukuma, orodha ikateleza, ikatulia, ndipo picha zikafunguka. Shemeji alipoteza cheo siku hiyo hiyo.

Jioni dada yake akapiga. "Umemvua nguo baba watoto wangu mbele za watu!"

"Alijivua mwenyewe, dada. Mimi nilitazama tu."

Tangu hapo Sindano na dada yake hawajasalimiana tena, na hilo linamuuma. Lakini akiukumbuka uso wa shemeji, hucheka peke yake jikoni mpaka chakula kinaungua.