Kamera ya Orie na Kidole cha Tatsuji

Orie Kumazawa hana kazi nyingine ila kuuguza kamera za kasi zinazonasa kile ambacho jicho haliwahi kukiona. Hapa Hamamatsu, mji wa viwanda wa Japani, kiwanda kikishindwa kujua kwa nini chupa inapasuka au gia inaruka, huitwa yeye, nami hubeba taa nyuma yake. Najivunia kubeba taa hizo, na anayetaka kucheka acheke.

Siku moja alituita Suganuma, mwenye kiwanda cha kufuma pamba. Mtambo wake mmoja ulikuwa ukikata nyuzi ovyo, na yeye alishaamua mchawi ni nani: Tatsuji, fundi aliyezeekea kwenye mtambo huo.

"Mafundo anayoungia nyuzi yamelegea," alisema, Tatsuji mwenyewe akisikia. "Picha isiponionyesha kosa jingine leo, kesho anahamia stoo."

Tatsuji aliinama akatazama viatu vyake. Nilimwonea uchungu.

Picha za kwanza zilikuwa giza tupu. Kamera ikienda kasi vile, kila picha huambulia mwanga kiduchu, kwa hiyo nikasogeza taa karibu. Zikang'aa, lakini zikawa zinapepesa kwa sababu ya taa za dari. Orie akaagiza za dari zizimwe, tukabaki na zetu za betri. Picha ikatulia. Ila kila uzi ulipokatika na tukarudisha nyuma kutazama, tulikuta mtambo umeshasimama na uzi unaning'inia.

"Kamera yako imelala, dada," Suganuma alikejeli.

"Kamera hailali, bosi. Ngoja nimwangalie anayebonyeza."

Anayebonyeza kitufe cha kuisimamisha kamera alikuwa Tatsuji. Uzi ulipokatika, aliunyooshea kidole: "Uzi umekatika, sawa!" Akageuka, akakinyooshea kitufe: "Kitufe, sawa!" Ndipo akabonyeza. Viwandani kwetu ndivyo tunavyofunzwa ili kuepuka ajali: onyesha, tamka, kisha gusa. Lakini kamera ile hushika sekunde chache tu zilizopita, na mpya hufuta za zamani. Alipofika "sawa" ya pili, tukio lilikuwa limeshafutika.

Orie alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee wangu, adabu yako inatumaliza!"

"Vidole vyangu vyote ninavyo, binti. Siiachi."

"Nani kakwambia uiache?"

Mwingine angemkemea. Orie alivuta waya kutoka kwenye taa nyekundu ya mtambo, ile inayowaka uzi ukikatika, akauunga kwenye kamera, ili taa yenyewe ndiyo ibonyeze. "Haya, tamka mpaka uchoke."

Mtambo ukanguruma, uzi ukakatika, Tatsuji akatamka yake yote bila haraka. Kwenye skrini tukaona polepole: fundo la Tatsuji likapita katikati ya meno ya chanuo linalopanga nyuzi, zima kabisa. Pembeni yake uzi usio na fundo lolote ukanasa kwenye jino lililomeguka, ukachambuka, ukakatika.

"Rudisha," alisema Suganuma. Tukarudisha. Akaomba tena.

Kisha akamwinamia Tatsuji mpaka tukaona kisogo chake. "Chanuo hilo nililinunua mimi. Nisamehe."

Mzee aliuliza: "Kwa hiyo kesho nije wapi?"

"Hapa hapa," alijibu Suganuma, bado ameinama. "Nakuomba."