Kushika Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kwa kusalimia. Nilikuwa nimekalishwa mbele ya simu tatu za mezani, nikainua ya kwanza, na mama mmoja wa Kizanzibari akaniuliza nimeamkaje. Nikamjibu, nikamuuliza na yeye, nikauliza wazee, watoto, na joto la kwao. Simu mbili nyingine zikalia mpaka zikachoka. Nilipogeuka nilimkuta Mkuu wa Vipindi amesimama nyuma yangu, bwana mrefu, kanzu yake ya dishdasha imenyooka kwa pasi, anatazama saa ya ukutani.

"Bi Zuwena," alisema, "hapa hatuulizani hali. Jina, mtaa, wimbo, salamu kwa nani. Basi."

"Na mtu akinisalimia?"

"Mwitikie haraka."

Mpaka leo nimestaafu sijui mtu anaitikiaje salamu haraka. Ukisha kuuliza watoto hawajambo, lazima usubiri jawabu. Lakini nilikuwa mgeni, na mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, maana yake ukikosea huthibitishwi, na usipothibitishwa unarudi nyumbani kukaanga sambusa. Nikafunga mdomo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, huku Uarabuni. Idhaa yetu ilikuwa ya Kiingereza, na wengi wetu tuliotoka Zanzibar tuliajiriwa kwa sababu Kiingereza tulikijua na Kiarabu chetu bado kilikuwa kinachechemea. Nilikuwa nikikaa Wadi Kabir, juu ya gereji, na kila asubuhi napanda basi dogo mpaka Ruwi, kisha teksi ya watu kadhaa mpaka kazini. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za kipindi cha salamu cha Alhamisi baada ya alasiri, siku ambayo maofisi yamefungwa na watu wako majumbani. Wapigaji hawakwenda hewani. Nilikuwa naandika maneno yao kwenye vikaratasi, na mtangazaji anavisoma kabla ya wimbo. Siku nyingine za wiki nilifundishwa kukata kanda.

Kukata kanda vijana wa leo hawakujui, kwa hiyo nieleze. Wimbo ulikuwa ukinakiliwa kwenye kanda pana iliyozungushwa gurudumuni. Unaivuta kwa mikono miwili mbele ya kichwa cha mashine, polepole, mpaka unasikia mahali unapopataka. Unapawekea alama kwa kalamu, unakata kwa wembe, halafu unaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Mkono ukitetemeka, mwimbaji anapata kigugumizi.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe. Ulikuwa wa kundi la vijana wa gitaa wa ng'ambo, aina ile waliyoiita roki mbadala. Mbadala wa nini, sikuambiwa. Unaanza na gitaa moja na kijana anayeimba kama anazungumza na nafsi yake. Sauti zinapanda, zinazidi kupanda, halafu ghafla kila kitu kinakatika. Kimya. Si kimya cha kupumua, kimya kirefu hasa, mpaka unatazama redio yako kama imezimika. Kisha ngoma zinaanguka zote kwa pamoja, na kijana anapiga ukelele.

Nilipousikia mara ya kwanza niliona ni makelele yaliyoanza kwa adabu. Wasikilizaji waliona vingine. Simu zilikuwa zikimiminika Alhamisi nzima, na hakuna aliyeuita kwa jina lake la Kiingereza, walisema, "Tupigieni ule Wimbo wa Kimya." Fundi gari mmoja wa Wadi Kabir aliniambia gereji yao yote huweka nyundo chini kikifika kile kimya, hata tajiri wao. Dada mmoja wa Tanga, Neema, aliyefanya kazi za ndani kwa watu huko Ruwi, alinipigia simu bosi wake akiwa amelala.

"Dada, mimi Kiingereza chao sikielewi hata kidogo," alisema. "Lakini pale wanaponyamaza, ni kama kanisani kwetu kabla kwaya haijainuka. Nasimama na ufagio wangu nasubiri."

Wavulana wa skuli nao walikuwa na mchezo wao. Kila mmoja nyumbani kwao, redio mbele yake, kimya kikiingia anasubiri, na pale anapodhani ngoma ndiyo zinakuja anagonga meza kwa kidole. Aliyewahi au aliyechelewa amekula hasara. Baadaye wanapigiana simu kubishana nani aligonga sawasawa na ngoma. Walikuwa wakileta salamu kwa makundi, fulani na fulani wa Al Khuwair wanamsalimu fulani, aache kugonga mapema kama mtu mwenye njaa.

Mambo yalikwenda hivyo msimu mzima, mpaka tulipoletewa mlinzi mpya. Kosa kubwa kuliko yote katika redio ni kimya. Ukikosea jina la msikilizaji utaomba radhi. Ukinyamaza, anahamia kwa wengine. Kwa hiyo katika chumba cha mitambo kulikuwa na sanduku la chuma tulilolipa jina la mlinzi. Sauti ikikatika hewani, mlinzi anawasha mwenyewe kanda ya akiba, na katika kanda hiyo palikuwa na udi mtupu, mzee mmoja anapiga taratibu kama yuko barazani kwake. Mlinzi wa zamani alikuwa mvivu, anangoja sana. Huyu mpya hakuwa na subira hata chembe.

Alhamisi ya kwanza, wimbo ukapanda, ukakatika, na badala ya kimya akaingia mzee na udi wake. Mtangazaji alipofanikiwa kumtoa, ngoma zilikuwa zimekwisha pita. Simu ya kwanza niliyoinua ilikuwa ya yule fundi wa Wadi Kabir.

"Leo wametia udi katikati! Mtamu wallahi. Naomba tena."

"Ule udi si wao, ni wetu," nikamwambia. "Umeingia kwa makosa."

"Basi mmekosea vizuri."

Mhandisi Mkuu hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa Pemba aliyesomea Misri, mtu wa maneno machache, na Kiswahili akisema nasi pale tu wageni wakishatoka. Kila mlinzi anapoamka huandikwa ripoti, na ripoti inapanda juu. Aliniletea kanda mwenyewe. "Kata hicho kimya," alisema, "unganisha gitaa na ngoma." Nikakata, na kazi ilikuwa safi, najisifu mwenyewe, hakuna sikio lingejua pa kuungia.

Alhamisi iliyofuata nilitukanwa kwa lugha nne. Wavulana walisema tumekula moyo wa wimbo. Neema aliuliza kama kwaya imefukuzwa. Mimi, nisiwadanganye, sikujali sana. Kimya kimetoka, mlinzi amelala, jina langu limebaki safi.

Halafu akapiga Bi Raya. Sikuwa nikimjua. Sauti ya mtu mzima, Kiswahili cha Unguja mjini, na alianza kwa salamu. Mkuu wa Vipindi hakuwepo, nami nilikuwa nimechoka kutukanwa, nikamwitikia kama nilivyolelewa. Hujambo, sijambo, wazee, jamaa.

"Na watoto hawajambo?" nikamuuliza.

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

"Kwa huyo ndiyo nimepiga, mwanangu," alisema.

Mwanawe Haitham alikuwa miongoni mwa wale wavulana wa Al Khuwair. Gari walilopanda na mjomba wake lilipinduka barabara kuu. Mjomba alitoka na mikwaruzo, Haitham akatoka hajitambui. Hospitali walimrudisha nyumbani macho yamefunguka, lakini hasemi, hashiki kitu, haijulikani kama anasikia. Daktari alisema waendelee kumzungumzisha, huenda akaitika. Wakamzungumzisha mpaka sauti zikawakauka. Alhamisi moja dada yake akawasha redio, wimbo ukaja, ukakatika, na katika kile kimya kidole cha Haitham kikagonga ubavu wa kitanda. Ngoma zikaanguka. Wiki ya pili, vilevile.

"Ndipo tulipojua yumo ndani," Bi Raya alisema. "Alhamisi iliyopita wimbo ulikuja na udi, akatutazama tu. Leo haukunyamaza kabisa. Kidole hakikutikisika. Kile kimya mmekipeleka wapi, mwanangu?"

Nilimwambia nitamtumia kaseti yenye wimbo mzima.

"Kaseti anayo, tumempigia. Haishughulikii. Anataka ya redio, wanapomtaja jina, na wenziwe nao wanagonga majumbani mwao. Ya peke yake ataigongea nini?"

Nilikwenda kwa Mhandisi Mkuu nimeshika vile vikaratasi vya salamu kama kamba ya ng'ombe nnayetaka kumuuza. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka chumba cha mitambo, akanionesha kitufe kidogo ubavuni mwa mlinzi. Kilikuwa cha kumzuia wakati wa matengenezo, na kilikuwa cha springi: ukikiachia tu, mlinzi anarudi kazini.

"Unasimama hapa, unakishika kwa kidole mpaka ngoma zianze," alisema. "Lakini sikiliza, yaa binti. Ukiwa umekishika na sauti ikakatika kweli, tumezimika nchi nzima na mlinzi umemfunga mdomo. Jina litakaloandikwa ni lako. Na wewe hujathibitishwa."

"Liandikwe."

"Kwa mtoto usiyemjua?"

"Nnamjua," nikasema. "Mamaake kanisalimia."

Akanitazama, akaondoka. Hakusema ndiyo, lakini mlango wa chumba cha mitambo hakuufunga.

Basi tukaiacha kanda niliyoikata, tukarudi kwenye diski yenye wimbo mzima, na ikawa kila Alhamisi, wimbo ukitajwa, namwachia mwenzangu simu, nakimbia kwenye mitambo na kubonyeza. Sisi kazini tukaiita kushika kimya. Kila mara ilikuwa ni kubahatisha, kwa sababu kimya cha wimbo na kimya cha mtambo uliokufa vinafanana kabisa, huwezi kuvitofautisha mpaka kimoja kiishe. Nikirudi mezani simu ya Bi Raya inakuja. Baada ya salamu zote ananipa neno moja: "Kagonga." Wiki nyingine: "Leo hakugonga." Wiki hizo nilikuwa narudi Wadi Kabir sina hamu ya chakula.

Diski, kwa kupigwa sana, huchakaa. Alhamisi moja wimbo ulipanda, ukakatika, nikashika kitufe, nikasubiri. Ngoma hazikuja. Nikasema moyoni, zinakuja. Nikaendelea kushika. Kumbe diski ilikuwa imekwama palepale kwenye kimya, inazunguka mahali pamoja. Nilimwona mtangazaji kupitia kioo anapunga mikono yote miwili kama anafukuza nyuki. Nikaachia. Mzee wa udi akaingia, safari hii baada ya kimya ambacho hata kiziwi angekitambua.

Mkuu wa Vipindi alifika kabla sijarudi mezani, na Mhandisi Mkuu nyuma yake. Sikumbuki yote niliyoambiwa, ila nakumbuka neno "majaribio" lilitajwa zaidi ya mara moja. Wakati bado ananisema, simu ikalia. Nikaiinua kwa mazoea.

"Zuwena! Kasema!"

Alikuwa Bi Raya, na hata salamu hakutoa. Nilisikia watu wanapiga vigelegele nyuma yake.

"Kagonga, ngoma hazikuja. Kagonga tena. Mara ya tatu kakunja uso, kafungua mdomo, kasema, 'Wamelala hawa!' Kasema kwa mdomo wake, Zuwena! Wamelala hawa!"

Nililia pale pale mbele ya wakubwa wangu wawili, na sioni haya kusema. Mkuu wa Vipindi alidhani nalilia kazi yangu, akapunguza sauti. Mhandisi Mkuu ndiye aliyeuliza.

"Kasema nini?"

"Kasema tumelala."

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi," alisema, "andika kwenye ripoti kwamba msikilizaji mmoja amelalamika."

Nilipewa barua ya onyo, na kuthibitishwa kwangu kukasogezwa mbele mwaka mzima. Barua ile ninayo mpaka leo, na katika karatasi zote za kazi ndiyo pekee niliyoitia kwenye fremu. Haitham alirudiwa na maneno kidogo kidogo, kwa miezi mingi, na mengi ya mwanzo, mamaake aliniambia, yalikuwa ya kulalamika. Kutembea kulichukua muda zaidi.

Mimi nilihamishiwa maktaba ya kanda, kisha studio, kisha nikawa mkuu wa zamu katika chumba kile kile cha mitambo. Kanda zikaondoka, wembe ukaondoka, ikaja kompyuta. Kompyuta ya siku hizi inatafuta kimya ndani ya wimbo na kukikata yenyewe kabla mtu hajakisikia. Vijana waliokuja chini yangu walinisifia jinsi inavyookoa muda. Niliwaambia haya ninayowaambia ninyi, wakanisikiliza kwa heshima, halafu wakaiacha kompyuta ikate. Sikuwalaumu, salamu zenyewe zilikuwa zikija kwenye skrini, na skrini huiulizi habari za watoto.

Siku yangu ya mwisho, wenzangu walileta keki na halwa. Nilikaa kidogo kwenye meza yangu ya zamani, ambako ilibaki simu moja tu ya mezani, na nyingine mpya ya ofisi upande wa pili. Ile ya zamani ikalia.

"Masalkheri, Bi Zuwena," ikasema sauti ya mwanamume, maneno yanatoka polepole, moja moja. "Nimesikia leo unapumzika. Nani atawaamsha hao wenzako wasilale?"

"Haitham," nikasema.

Kijana wa zamu alinionesha saa ya ukutani. Dakika chache tu kipindi kianze. Nikamgeuzia mgongo. Nikamuuliza Haitham habari ya mamaake, ya dada yake, ya kazi yake wizarani, ya mguu, ya mkewe, ya watoto mmoja mmoja kwa majina, na kila nilipouliza nikasubiri jawabu. Simu ya pili ikalia mpaka ikachoka.