Goti Nililolisingizia Kongowe

Wacha nieleze mwenyewe, maana wenzangu wakisimulia wanaongeza chumvi. Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho Maneromango, na juzijuzi tajiri wetu alitupeleka Kongowe, Kibaha, kwenye mafunzo. Mkufunzi, mwanajeshi mstaafu, alitukera kwa zoezi moja tu: ukisikia mlio wa risasi, chutama nyuma ya ukuta, bunduki juu. Kutwa nzima chutama, inuka, chutama, kama vyura.

"Risasi zikilia hutapata muda wa kufikiri," alisema. "Mwili utafanya ulichouzoesha."

Nikaona upuuzi mtupu. Nikasingizia goti, nikakaa kivulini nikiwaeleza wenzangu jinsi mtu mwenye akili anavyopambana na majambazi.

Siku ya mwisho nikapewa bunduki isiyo na risasi, nikawekwa getini. Mara fataki ikalipuka nyuma yangu. Masikio yakaziba, na ile akili niliyojisifia sijui ilikimbilia wapi. Mtu aliyejifunga kitambaa usoni akanirukia mbele, mkononi ana bastola ya mbao. Chini ya kitambaa zikachungulia ndevu nyeupe.

Sikuchutama. Niliikumbatia bunduki kifuani, nikainamisha kichwa kama nilivyolelewa kwetu, nikasema, "Shikamoo."

Yule mtu akashusha kitambaa. Alikuwa mkufunzi wetu. Akanigusa paji la uso kwa ile bastola.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umeshakufa."